Sauti Iliyojua Kungoja

Baba yangu alimwita "mayu" mwanamke ambaye hajawahi kumtia machoni, na mimi mwanawe wa kumzaa nilikuwa nimekaa mbele yake kwenye kigoda, sahani ya michembe, viazi vitamu vilivyokaushwa, mapajani. Mayu ni mama kwa Kisukuma chetu, na mzee humwita hivyo binti aliyemkaa moyoni. Alilirudia neno lile kwa sauti laini ambayo sikujua kwamba anayo. Mwanamke mwenyewe hakuwepo hata kwenye simu. Ilikuwa sauti yake tu, iliyorekodiwa Bariadi, kwenye meza inayotazamana na yangu.

Acha nieleze sauti hiyo ilifikaje Lalago, kwa sababu wivu usipoelezwa watu huutafutia majina mengine.

Mimi na mwanamke huyo tunatengeneza mifumo ya kompyuta. Ofisi yetu ni chumba nyuma ya duka la pembejeo mjini Bariadi, na nguo zetu zinanuka dawa ya pamba mwaka mzima. Watu wakisikia tunatengeneza mifumo hudhani tunakaa chini na kuandika kila kitu kuanzia mwanzo. Siku hizi hakuna anayejitesa hivyo. Mfumo unajengwa kwa kuunganisha huduma za watu wengine ambazo ziko mtandaoni. Huduma moja inatuma ujumbe, nyingine inajua mvua itanyesha wapi, nyingine inapiga simu na kusema maneno uliyoirekodia. Wewe unazichagua zinazofaa, unazifunga pamoja, na zikielewana mteja anaona kitu kimoja. Kati yetu, kufunga pamoja ni kazi yangu, na kuchagua ni kazi yake.

Tangu mwanzo niliona nimepewa kazi ya kiume na yeye amepewa kwenda sokoni. Nani alishawahi kula ubwabwa akamsifu aliyenunua mchele? Husifiwa mpishi. Lakini kwa wateja wetu mambo yaligeuka. Tulipowatengenezea wakulima mfumo wa kuwaambia siku nzuri ya kupulizia dawa, yeye aliipata huduma ya hali ya hewa iliyoweza kutofautisha mvua ya Maswa na mvua ya Busega, wakati nyingine zote ziliuona mkoa mzima wa Simiyu kuwa ni wingu moja. Mimi ndiye niliyekesha na kuamka na huduma ile mpaka ikakubali kuongea na nyingine. Siku ya kukabidhi kazi, mwenyekiti wa wakulima alimshika mkono akasema, "Huyu dada ana jicho." Kwangu akasema, "Na wewe kijana, asante kwa kumsindikiza."

Kumsindikiza! Nilicheka kama wengine wote, na neno lile nikaenda nalo hadi nyumbani.

Tena jicho lenyewe halina siri. Mama yake anauza dagaa Lamadi, na yeye amekulia katikati ya magunia. Anasema mwenye dagaa wabaya huwapanga wazuri juu, kwa hiyo mnunuzi anayejua kazi hatazami juu, anazamisha mkono mpaka chini ya gunia. Na huduma za mtandaoni anazipima hivyo hivyo. Hasomi sana yale ambayo huduma inajisemea. Anawatafuta wanaoitumia, anasoma malalamiko yao. Anawaandikia wenye huduma swali la kijinga kwa makusudi ili aone watamjibu kwa heshima au kwa dharau. Anaijaribu kwa simu ya kitochi, mahali ambapo mtandao unakuja na kuondoka. Mimi nilikuwa na jedwali langu, safi, lenye safu ya kasi, safu ya uimara na safu ya maelezo yanayoeleweka, na kila huduma naipa alama. Kila nilipomwonyesha tovuti yenye rangi nzuri na ahadi nyingi, alikuwa akisema, "Chema chajiuza, kibaya chajitembeza." Alisema bila kunitazama, huku anakula karanga.

Basi kikaja chama cha ushirika cha wakulima wa pamba. Walitaka wakulima wapigiwe simu kuambiwa siku ambayo karani na mizani watakuwa kwenye ghala la kijiji chao, ili pamba isilale nje bila sababu. Ujumbe wa maandishi walishaujaribu, na wazee hawausomi. Walitaka sauti ya mtu, kwa Kisukuma, na mojawapo ya maeneo ya kuanzia lilikuwa Lalago, kwetu.

Hapo nikataka. Sijui kama nimewahi kutaka kazi namna ile. Mimi na baba hatujagombana hata siku moja, ila hatuna maneno. Nikimpigia simu mazungumzo yetu ni "Mzima?" "Mzima." "Nyumbani?" "Wazima." "Haya." Halafu kila mmoja anasikia mwenzake akihema, na mmoja anakata. Nikawaza kwamba kila wiki asubuhi sauti yangu itakuwa ikiingia kwenye simu ya baba, na kwenye simu za wazee wenzake, ikiwaambia jambo la maana. Watakutana ghalani na kusema, huyo ni mtoto wa fulani, na fulani atakuwa amesimama pale pale akisikia. Nilitaka baba anisikilize, hiyo ndiyo kweli yenyewe, na nilitaka anisikilize mbele za watu.

Nikamwambia mwenzangu kwamba safari hii huduma ya sauti nitaichagua mimi.

"Haya, ngosha," akasema. Ngosha ni mwanaume kwa Kisukuma, na akiniita hivyo najua ananitania. "Chagua yako, na mimi nichague yangu. Tuzijaribu zote mbili."

Tukakubaliana kwamba yangu iende Lalago na yake iende Mwamanyili, upande wa Busega.

Yangu ilishika nafasi ya juu kabisa kwenye jedwali. Ilikuwa na kasi ya ajabu, simu ikipokelewa tu inaanza kusema, haipotezi muda. Maelezo yake yalikuwa yameandikwa vizuri hadi nikatamani mwandishi wake awe rafiki yangu. Ya mwenzangu ilitoka kampuni ndogo yenye tovuti mbaya, na ilikuwa nzito kidogo. Lakini chini kabisa kwenye maelezo yao kulikuwa na jambo moja aliloliona yeye: huduma ile iliweza kusikiliza kama mtu wa upande wa pili anaongea, na kungoja mpaka anyamaze ndipo iendelee.

Nikacheka. "Ingoje nini? Hili ni tangazo."

"Ingoje watu," akasema.

Nilirekodi sauti yangu asubuhi moja tulivu, baada ya kunywa maji ya moto ili koo lilainike. Nilianza na "Mwangaluka", kwa sababu mimi si mtu wa kuwavamia wazee na habari za mizani bila salamu. Nikataja siku, nikataja ghala, nikamaliza na "wabeja", yaani asante. Maneno machache, yaliyonyooka. Niliisikiliza kwenye simu yangu, nikiwa nimekaa kimya ofisini, nikaona hakuna cha kuongeza wala kupunguza.

Siku ya mizani Lalago, karani alikaa ghalani mpaka jua likamfikia kitini. Walikuja watu wa kuhesabika. Kesho yake mikokoteni ya ng'ombe ikajaa uwanjani, pamba imefungwa hadi juu, na mizani imeshaondoka kwenda kijiji kingine. Chama kikanipigia simu kwa lugha ambayo sitaiandika. Nikapanda basi la Maswa, nikaendelea mpaka nyumbani.

Mama mmoja aliyekuwa amekaa juu ya mzigo wake wa pamba ndiye aliyenieleza, na alinieleza kwa upole, jambo lililonichoma zaidi.

"Simu tulipata, mwanangu," alisema. "Kijana alitusalimia vizuri tu. Sisi tukamwitikia. Tukamuuliza kwao wazima, mvua zipo, watoto, mifugo. Yeye akawa anaongea juu ya maneno yetu. Tulipomaliza kumwitikia tukasikia wabeja, akakata. Tukasema, pengine atapiga tena."

Nikamuuliza wa pili, naye hivyo hivyo. Na wa tatu. Mtu wa kwetu akisalimiwa haitikii kwa neno moja akanyamaza. Salamu ina njia yake, na lazima ifike mwisho kabla ya jambo lolote. Nilikuwa nimewasalimia, wakanijibu kama walivyofunzwa, na siku ya mizani ikapita chini ya sauti zao wenyewe. Sidhani kama kuna mkoa mwingine ambako tangazo limewahi kuuawa na adabu. Nisingewasalimia wangenisikia, wakanichukia, na pamba ingefika. Jedwali langu lilikuwa na safu ya kasi, na halikuwa na safu ya kuitikia.

Baba alikuwa miongoni mwa waliokuja siku isiyo yao. Alikuwa anafungua ng'ombe kwenye mkokoteni. Hakunigombeza.

"Nilidhani ile sauti ni yako," alisema. "Halafu nikasema hapana. Mwanangu hawezi kuwasalimia watu, halafu akaongea yeye tu."

"Ni mashine, baba," nikasema.

"Mashine ya nani?"

Nikamsaidia kufungua ng'ombe.

Mwamanyili, bila shaka, mambo yalikwenda kama maji mtelemkoni. Watu walikuja siku yao, na pamba yao. Mwenzangu alikuwa amerekodi salamu, kisha huduma inangoja. Anauliza habari za nyumbani, huduma inangoja. Anauliza ng'ombe, inangoja tena. Watu wakishamaliza na kunyamaza ndipo anataja siku na ghala, na anarudia. Watu wa chama walilalamika kwamba simu ni ndefu, lakini watu waliisikiliza mpaka mwisho, na hapo hapana la kubishana. Lalago nako wakaamua ipelekwe sauti yake.

Asubuhi niliyorudi ofisini nilikaa nikingoja aniambie haraka haraka haina baraka. Ningependa angesema, nipate pa kuanzia. Hakusema. Alinisogezea karanga.

"Ningekuwa natangazia watu wa Dar," alisema, "ningechukua hiyo hiyo ya kwako."

"Ulijuaje?" nikamuuliza, na sauti ilinitoka vibaya.

"Sikujua. Nilimpigia mama Lamadi kwa zile huduma zote, moja baada ya nyingine. Kila mara akawa anaitikia salamu mpaka huduma inakata, na ananipigia kuniuliza ni nani huyo asiye na subira. Hii moja tu ndiyo ilimvumilia."

Basi, ni hilo tu. Alimpigia mama yake. Nilikaa mbele ya kompyuta nikijifanya nasoma. Hata mimi ningeweza kuijaribu huduma yangu kwa baba kabla ya kuipeleka kwa watu. Ilikuwa kazi ndogo sana. Ila ingebidi kwanza nimpigie baba, nimweleze, tuongee, na kwa watu kama sisi ilikuwa rahisi zaidi kutengeneza jedwali. Yeye kwao wanaongea tu. Wanaongea kutwa, mama na binti, habari za dagaa na majirani, na kutokana na porojo hizo ndipo anapata jicho analosifiwa. Nilimwonea wivu wa kazi, nikagundua kwamba chini yake kuna wivu mwingine, na huo ulikuwa mbaya kuliko wa kwanza.

Mgema akisifiwa tembo hulitia maji, wahenga walisema. Nami nikangoja maji. Wiki baada ya wiki nilifungua mfumo nikitafuta simu zilizokwama, watu waliokata kabla ya mwisho, malalamiko. Tembo lilikuwa zito vile vile. Mwenyekiti wa chama alikuja ofisini na jogoo, akampa yeye, na mimi nikaombwa nimfunge jogoo miguu.

Ndipo nikaenda nyumbani Lalago kusalimia, na tukafika pale nilipoanzia. Baba alikuwa ananiambia kitu kuhusu uzio, kwa sentensi zake fupi, na mimi najibu kwa zangu. Simu ikalia. Baba akaniinulia mkono ninyamaze, akabonyeza spika, akaweka simu juu ya goti.

"Mwangaluka," ikasema sauti ya mwenzangu.

"Mwangaluka, mayu, mwangaluka. Mhola?"

Akaambiwa mhola, kwamba kuna amani, akaulizwa habari za nyumbani. Na baba yangu, mtu wa "mzima" na "haya", akajiegemeza ukutani akaanza kueleza. Alisema mvua ilichelewa lakini pamba imefunguka vizuri. Alisema mama anakwenda kanisani na goti lake ni afadhali. Alisema yeye mgongo unamsumbua tangu palizi, usiku hauna ubavu wa kulalia. Mimi nilikuwa nimemuuliza asubuhi ile ile kama ni mzima, na alikuwa amenijibu mzima. Kisha akasema, "Kijana wangu yupo hapa. Amekuja. Anakula michembe, ila amekonda." Akanyamaza. Na ile sauti, kama kwamba ilikuwa imeinamisha kichwa ikisikiliza, ikamuuliza ng'ombe.

Mimi ndiye niliyeifunga huduma ile kwenye mfumo, kwa hiyo najua ilivyo. Haielewi hata neno moja. Inajua tu kwamba kuna sauti au hakuna. Haiweki yale unayoyasema mahali popote. Baba alikuwa anaumwagia ukimya mgongo wake, na palizi, na mimi.

Simu ilipokwisha nilishindwa kujizuia. "Baba, huyo hakusikii. Ni sauti tu imerekodiwa."

"Najua. Nani kakwambia sijui?"

"Sasa mbona unamweleza yote hayo?"

Akanitazama kama mtu aliyeulizwa kwa nini anakula wakati ana njaa. "Ameniuliza," akasema.

Nilirudi Bariadi nimenuna njia nzima. Nikamwambia mwenzangu kwamba watu wa Lalago wanaomba sauti ya mwanaume. Ulikuwa uongo mtupu, na nadhani alijua, maana alitabasamu kabla sijamaliza. Akanisogezea kinasa sauti.

"Rekodi, ngosha. Huduma ni ile ile. Itakungojea na wewe."

Nikarekodi maneno yake yale yale, na mapumziko yake yale yale, ila kwa sauti yangu. Simu zikaenda. Watu wa Lalago walikuja siku yao na pamba yao, wala hakuna aliyelalamika. Nikaanza kuvimba kichwa. Na kabla wiki haijaisha baba akanipigia simu yeye mwenyewe, jambo ambalo hulifanya kukiwa na msiba. Nilitoka nje ya ofisi, nikasimama kando ya magunia ya mbolea.

"Yule mayu amekwenda wapi?" akauliza. "Anaumwa?"

"Haumwi, baba. Safari hii nilisema mimi."

"Ahaa." Akahema kidogo. "Mrudisheni."

Nikasema sawa. Nikamrudisha. Sikumwambia mwenzangu sababu, naye hakuniuliza, ingawa siku nzima alikuwa anaimba kwa pua kwa namna iliyonikera.

Jumapili iliyofuata, asubuhi, nilikaa kwenye kitanda changu na simu mkononi. Nikampigia baba. Nilisema mwangaluka. Akaitikia. Badala ya kusema langu nikangoja, kama ile huduma, mpaka nikasikia amemaliza. Nikamuuliza habari za nyumbani. Akasema wazima. Nikangoja. Ukimya ukaingia, ule wetu wa siku zote, nami sikuukata.

"Ni wewe?" baba akauliza.

"Ni mimi, baba. Ulidhani ni mashine?"

"Hapana," akasema. "Nilijua ni wewe. Yule mayu angekuwa ameshaniuliza ng'ombe."

Niliipokea hiyo nikiwa nimefumba macho. Halafu nikamuuliza ng'ombe.

Akaanza na yule mwekundu mwenye mimba. Akaenda kwa dume linaloruka uzio, akaeleza uzio wenyewe, akaeleza kwa nini bado hajaurekebisha, na hapo ndipo akafika kwenye mgongo. Nilikuwa naujua tayari ule mgongo, lakini nilinyamaza akanieleza, mwanzo hadi mwisho, tangu palizi. Aliongea nami kuliko alivyowahi kuongea nami maishani. Na hata hapo, Mungu anisamehe, nilikuwa najiuliza kama yule mayu aliwahi kuelezwa kwa urefu zaidi.